Moteri mpya ya bwato: pilote anataka gazi yote tangu siku ya kwanza

BARUA

Jambo sana Papa Fundi,

Mi ni mama wa Goma, nafanya biashara ya mboga na maharagi, navitoa Minova, na wakati ya mananasi naenda mpaka kisiwa ya Idjwi, vyote natelemushia Kituku, soko ya pwani hapa Goma. Miaka yote nimekuwa nalipa nafasi mu mabwato ya watu na unajua vile iko, mwenye bwato njo anaamua mutatoka wakati gani, mboga yako inalala pale ku pwani inanyauka na we unaangalia tu. Tena tangu njia ya Sake ilianza kuwa na matatizo watu bote walikimbilia ziwa, nafasi ikawa ya kugombania. Sasa mu likirimba yetu, ile ya wamama kuchanga na kupeana pesa kwa zamu, zamu yangu ilifika, nikaongeza na akiba yangu na deni kidogo kwa dada yangu, nikanunua moteri mpya, Yamaha ya nguvu ya farasi 40, ile ya kuchanganya esanse (petroli) na mafuta. Imetoka mu karito kabisa, na plastiki yake. Bwato ya mbao nilikuwa nayo tayari.

Nafurahi lakini tangu ifike silali vizuri juu kila mutu ana yake ya kusema. Pilote wangu, kijana muzuri anajua ziwa sana, anasema moteri mpya inapashwa kufunguliwa na gazi yote tangu siku ya kwanza na muzigo wa kujaa, eti ukiilea pole pole itazoea uvivu, haitakimbia tena maisha yake yote. Shemeji yangu mwenye garaji ya pikipiki hapa Birere yeye anasema hapana, tuifunge ku pwani, tuiwashe ilale inazunguka pole usiku muzima bila kutembea, asubuhi iko tayari. Muuzaji yeye alisema tu "mama fanya rodaje ya masaa kumi" na hakueleza masaa kumi ya nini, na kitabu yake ni ya Kiingereza.

Kisha kuna mambo ya mafuta. Yale ya moteri ya maji ni bei kali, shemeji anasema ya pikipiki ni yale yale, tofauti ni karatasi tu ku chupa. Ni kweli?

Na kitu inaniogopesha zaidi: tulijaribu kuiwasha kidogo pale Kituku, ikatoa moshi mingi sana ya bluu, na pilote alipotoa buji, ile plagi ya kuwasha moto, ilikuwa nyeusi na imelowana. Anataka kufunga visi (skrubu) ya karbirateri, pale esanse inachanganyika na hewa, ipunguze esanse. Mi nawaza labda waliniuzia moteri mbovu. Na siwezi kukaa mwezi muzima bila kuingiza kitu, Papa, watu wa likirimba na dada yangu wananingoja. Nifanye nini?

Mama wa Kituku, Goma


JIBU

Mama, hongera kwanza, maana moteri iliyonunuliwa kwa likirimba ni jasho la wamama wengi na ndiyo sababu nataka nikujibu kwa urefu. Lakini kabla hujaendelea kusoma mpigie pilote wako simu, mwambie asiguse ile visi. Leo, kesho, na mpaka rodaje iishe, yaani masaa ya kwanza ya kuzoeza moteri mpya, asiiguse. Nyingine zote tutaongea polepole.

Moteri yako si mbovu. Moshi wa bluu na buji nyeusi kwa moteri mpya hapa kwetu ina sababu mbili na zote ni za kawaida. Ya kwanza, wakati wa rodaje tunatia mafuta mara mbili ya kawaida, sasa hayo mafuta yatapita wapi, yanatoka na moshi. Ya pili ni ziwa letu lenyewe. Kivu iko juu sana, karibu mita 1,460 toka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani ya Mombasa au Dar es Salaam. Moteri inatoka kiwandani imepangwa kwa hewa nzito ya bahari, karbirateri inapima esanse ya kule, ikifika Goma inakunywa esanse karibu ile ile lakini hewa ni kidogo, kwa hiyo esanse inazidi, haiungui yote, buji inalowana na kuwa nyeusi. Na nguvu pia inapungua, karibu asilimia 15 kwa urefu huu, yaani 40 yako hapa Goma inafanya kazi kama 34 hivi. Usimlaumu muuzaji kwa hilo, hata moteri ya jirani yako iko vile vile.

Sasa kwa nini nakataza visi? Ile visi inashika tu mwendo wa chini, moteri ikiwa inazunguka pole. Ukitia gazi, anayepima esanse ni jikleri, kile kidude kidogo cha shaba chenye tundu katikati, kiko ndani ya karbirateri. Pilote akifunga visi hatapunguza esanse ya safarini, atafanya tu moteri iwe ngumu kuwaka na izimike ovyo ukikaribia pwani, pale penye mabwato mengine mengi. Na hata ingewezekana kupunguza, huu si wakati wake, maana esanse inayozidi kidogo inapoza pistoni na inaleta mafuta zaidi, kwa moteri ambayo vyuma vyake havijazoeana hiyo ni ulinzi. Rodaje ikiisha ndipo unaenda kwa fundi wa moteri za maji, anaweka jikleri ya namba ndogo zaidi inayofaa urefu wetu, na anaangalia kama elisi, ile panga inayosukuma maji, si kubwa mno kwa bwato lako zito. Elisi ikiwa na mkunjo mkali mno moteri inasukuma kwa shida, haifiki mzunguko wake hata ukitia gazi yote, na kaboni inajaa ndani. Mabwato mengi ya mizigo huku yana hiyo shida na watu wanasema tu moteri imezeeka.

Tuje kwa pilote na shemeji. Wote wawili wana nia nzuri na wote wawili wamekosea, kila mtu upande wake.

Ndani ya silindri mpya ukuta haujalainika, umechorwa mikwaruzo midogo midogo kwa makusudi, na zile pete za pistoni, segmenti, zinatakiwa zisuguane na huo ukuta mpaka zikae sawasawa zisiachie nguvu ipite. Ili zisuguane lazima kuwe na msukumo, na msukumo unakuja na kazi, bwato likitembea. Ukiiwasha usiku mzima imefungwa pwani inazunguka pole bila kusukuma kitu, segmenti hazibanwi, ukuta unang'aa bila kukaa vizuri, mafuta yanajaa kwenye buji, na asubuhi umechoma esanse ya bure. Kwa hiyo shemeji hapana.

Upande mwingine, pistoni ni ya aliminiamu na ukuta wa silindri ni chuma, na aliminiamu ikipata moto inapanuka karibu mara mbili ya chuma. Moteri mpya nafasi katikati yao ni ndogo na msuguano ni mwingi, ukiipa mzigo wa kujaa na gazi yote siku ya kwanza pistoni inavimba kabla vyuma havijaelewana, inakwaruza ukuta, ikizidi inashika kabisa. Inashikia wapi? Haishikii Kituku, inashikia katikati ya ziwa na upepo umeamka. Hiyo ya "kuzoea uvivu" haipo, chuma hakina tabia. Moteri inayotunzwa masaa kumi ya kwanza ndiyo inayokimbia baadaye, maana segmenti zake zinashika nguvu yote.

Masaa 10 yenyewe yanaenda hivi, na ni masaa ya moteri kuzunguka, si masaa ya siku. Dakika 10 za kwanza unaiacha izunguke pole kabisa, bwato liko majini, bila vitesi (gia). Kisha mpaka saa ya kwanza iishe usipite nusu ya gazi, na usiishike mahali pamoja, uongeze kidogo, upunguze, uongeze, upunguze, ndiyo siri yenyewe ya rodaje, kubadilisha mwendo, maana kila ukiongeza segmenti zinabanwa na kila ukipunguza zinapoa. Saa ya pili unaweza kupanda mpaka robo tatu ya gazi, tena kwa kubadilisha. Masaa 8 yanayobaki moteri inafanya kazi karibu kawaida, ila gazi yote isipite dakika 5 mfululizo, halafu unapunguza ipumue. Muulize pilote anayejua kuendesha na atakwambia hii si ngumu, shida ni uvumilivu.

Mahesabu ya mafuta nakupa kwa bido (jerikeni) ya litre 20 maana ndiyo tunayotumia wote. Wakati wa rodaje ni 25 kwa 1, yaani mililita 800 za mafuta kwenye bido ya litre 20. Masaa 10 yakiisha unarudi 50 kwa 1, mililita 400. Hizo ndizo hesabu za kawaida za moteri hizi za kuchanganya, lakini kitabu chako hata kama ni cha Kiingereza tafuta ukurasa wenye 25:1 na 50:1, namba hazina lugha, na kikisema tofauti fuata kitabu. Usipime kwa jicho wala kwa kifuniko. Nunua biberoni ya mtoto kwenye famasi, ina alama za mililita pembeni, jaza mpaka 200 mara nne kwa rodaje, mara mbili baadaye, iandike MOTERI kwa maki nyeusi ili mtoto yeyote asije akapewa. Tia esanse kidogo kwanza kwenye bido, kisha mafuta yote, funga, tikisa kwa nguvu, ndipo ujaze esanse iliyobaki na utikise tena. Na ikilala usiku, asubuhi tikisa tena kabla ya kuwasha.

Kuna wanaobaki kwenye 25 kwa 1 miaka yote wakidhani mafuta mengi ni usalama. Sivyo. Mafuta yakizidi esanse inapungua nafasi, buji zinakufa, tundu za moshi ndani zinajaa kaboni. Rodaje ikiisha, imeisha.

Na mafuta ya pikipiki, Mama, nakusihi usikubali. Si karatasi tu ya chupa. Pikipiki inapozwa na hewa, inakuwa moto sana, mafuta yake yana vitu vinavyoacha majivu yanapoungua na kwenye pikipiki haidhuru. Moteri yako inapozwa na maji ya ziwa, yale majivu yanabaki juu ya pistoni na kwenye buji, mwishoni yanasababisha kuwaka kabla ya wakati na tundu kwenye pistoni. Tafuta chupa iliyoandikwa TC-W3, herufi hizo tu, kampuni yoyote. Ni bei, najua, lakini ukigawa chupa kwa safari utaona ni kitu kidogo kuliko kifuko kimoja cha maharagi, na pistoni mpya ukiitafuta Goma utalipa dola ambazo hutaki kuzisikia.

Esanse nayo. Wengi pwani tunanunua kwa wakadhafi, wale wauza esanse wa pembeni ya njia, sina ubaya nao, wanatafuta maisha, lakini bido imepita mikono mingapi. Kabla ya kumwaga kwenye tanki la moteri mpya tia kidogo kwenye chupa nyeupe ya maji uliyoosha na kukausha, iache itulie wakati unapakia mizigo. Ikiwa kuna maji utayaona chini, yanakaa kama jicho linaloteleza, maana maji ni mazito kuliko esanse. Kisha dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, esanse safi inakauka na kuondoka, ile iliyochanganywa na mafuta ya taa inaacha doa la mafuta. Ukiona doa rudisha, hata kama ameshakuhesabia pesa.

Sasa pesa, maana hiyo ndiyo ilikuwa swali lako la kweli. Huhitaji kukaa mwezi. Saa mbili za kwanza fanyia karibu na pwani, asubuhi mapema ziwa likiwa limelala, bwato tupu au na mzigo mdogo. Zilizobaki fanya kazi kabisa, Minova na kurudi, lakini kwa nusu ya mzigo na bila abiria. Najua abiria wanalipa, lakini moteri isiyojulikana bado haipashwi kubeba roho za watu, sisi wote tunakumbuka ile bwato ya mwezi wa kumi 2024 iliyozama na Kituku inaonekana kwa macho, imejazwa kupita kiasi. Na jambo moja ambalo watu hawalisemi: pilote wako analipwa kwa safari au kwa siku? Kama ni kwa safari, hata umwambie nini atakimbiza, kwa sababu kila dakika anayochelewa ni sambaza, samaki zetu ndogo, anayoiondoa kwa sahani ya watoto wake. Kwa muda wa rodaje mlipe kwa siku. Mpe daftari na kalamu, aandike kila asubuhi moteri iliwaka saa ngapi na ilizimwa saa ngapi, na esanse kiasi gani, na we jioni unajumlisha. Atakuwa mlinzi wa moteri badala ya kuikimbiza tu, na kijana anayejua ziwa kama unavyomsifu anastahili kuaminiwa hivyo.

Yako mambo mengine ambayo yanaua moteri mpya haraka kuliko gazi. Kuiwasha nje ya maji ni la kwanza. Ndani ya pompa ya maji kuna raba yenye mikono kama ua, maji ndiyo yanailainisha, ukiwasha kavu hata kidogo tu kumwonyesha mtu sauti, raba inaungua. Wauzaji wengine wanafanya hivyo mbele ya duka na wateja wanapiga makofi. Ukitaka kujaribu nyumbani weka mguu wa moteri ndani ya pipa la maji lililojaa kupita pale inaponyonyea.

La pili, kila ukiwasha angalia kama inakojoa. Ule mshipa wa maji unaotoka nyuma lazima uwe na nguvu. Ukilegea au ukikatika, zima hapo hapo, inua mguu, angalia kama kifuko cha plastiki kimeziba pale inaponyonyea. Pwani zetu zimejaa plastiki, zile zile zinazosumbua hadi mashine za umeme za bwawa la Ruzizi kule Bukavu, na moteri haijui kuzikwepa. Na usiruhusu pilote aendelee "mpaka tufike," moteri isiyopozwa haifiki.

La tatu, zile visi mbili za kubana moteri kwenye ubao wa nyuma. Ubao wa bwato jipya au ulioloa unajibana, na mtikisiko wa masaa ya kwanza unazilegeza. Kaza kabla ya safari, kaza tena ukifika Minova, na funga moteri kwa mnyororo au kamba nzuri kwenye ubavu wa bwato. Kuna moteri ziko chini ya Kivu na chini kule ni mbali sana.

Masaa 10 yakifika, toa buji uziangalie. Rangi ya kahawia kama maziwa na chai ni nzuri, nyeusi kavu inakubalika kwa urefu wetu mpaka ubadilishe jikleri, nyeupe ni hatari, ina maana inaungua kwa esanse kidogo au inapata moto, hapo usitembee, ita fundi. Siku hiyo hiyo badilisha mafuta ya mguu wa chini, yale ya meno ya gia. Yakitoka na unga mwembamba wa kijivu ni rodaje ya meno, usiogope. Yakitoka meupe kama maziwa, maji yameingia. Baada ya hapo kila masaa 100 au kila miezi 6, kitakachotangulia, na girisi kwenye vichuchu vyake, vile vitundu vya kutilia girisi, kwa ratiba hiyo hiyo. Raba ya pompa ifunguliwe iangaliwe kila mwaka hata kama inakojoa vizuri.

Na mara kwa mara toeni elisi. Usiku ziwa limejaa nyavu za sambaza, uzi wa nailoni ukijizungusha nyuma ya elisi unaingia polepole unakata ile raba inayozuia maji, na hakuna anayejua mpaka meno yamekufa. Kutoa elisi ni dakika chache tu, kata uzi, paka girisi, rudisha.

Maji yetu hayana chumvi kama ya bahari lakini yana madini, unaona mwenyewe ule ukoko mweupe kwenye mawe ya pwani, kwa hiyo kama una nafasi mara moja moja iwashe ndani ya pipa la maji safi ya mvua isafishe njia zake. Jioni usiilaze chini na kichwa kikiwa chini kuliko mguu, maji yanarudi silindrini.

Ndani ya bwato weka kasha lenye buji mbili mpya, ufunguo wake, kamba ya kuwashia ya akiba, bisbisi, kasia mbili, na jile ya kuelea kwa kila mtu ikiwa ni pamoja na pilote. Ile kamba nyekundu ya kuzimia moteri aifunge mkononi kila safari, si kwenye bwato kama wanavyofanya. Ukipata mtu wa kukutafsiria kitabu, anza na kurasa za matunzo, na kama fundi atakuambia namba ya jikleri aliyoweka, iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa lile daftari.